Mchuzi Usio na Unga

Tulimwita Diwani, kwa namna alivyotembea uani
kifua mbele, shingo nyekundu,
akihutubia kuku wasiompigia kura.
Anaeli alimleta kwa bodaboda kutoka Kiboriloni,
kichwa nje ya gunia, akiwatazama abiria wa Moshi kwa dharau.
Mama akauliza: "Bata mzinga wa nini?
Mbuzi wamekwisha Kibosho nzima?"

Mbuzi hawakuisha. Ila daktari kaandika,
tena kwa mwandiko unaosomeka (ndipo tulipoogopa):
ngano aache, ndizi kwa kipimo.
Mama, mtoto wa mgombani,
akaikunja karatasi mara nne
akailaza chini ya kitambaa cha redio.

Ugonjwa huu tunaujua. Umeshakula kwetu.
Mguu wa baba ulitangulia kuzikwa,
pale nyuma, karibu na mbuni wa tatu,
mwaka mzima kabla mwenyewe hajaufuata.

Basi mkesha wa Krismasi Diwani akalala ndooni:
maji, chumvi, limau, tangawizi iliyopondwa,
na mlima ukatupulizia friji ya bure usiku kucha.
Alfajiri nikamsukumia siagi chini ya ngozi
kwa vidole viwili, polepole,
kama anayemvisha soksi mtoto aliyelala.

Saa nne kasorobo umeme ukakatika.
Oveni ikaguna, ikanyamaza,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Hapo ndipo Anaeli alipoliburuta sufuria la msiba,
lile lililopika wali wa matanga ya baba;
makaa chini, bati juu, na juu ya bati makaa tena.
Watoto waliotoka Dar wakakaa mbali na moshi
wakiuliza kama kuna chipsi.

Mimi nilibaki na mchuzi.
Shingo, firigisi na ncha za mabawa zilishachemka.
Vitunguu vitano nikavikaanga hadi kingo zikawa nyeusi,
bilinganya nikaifukia kwenye majivu ikalegea,
vyote nikavitwanga kinuni,
maana blenda nayo ilikuwa ikingoja umeme uleule.

Mama akasimama mlangoni na kopo la unga.
"Kijiko kimoja. Hakitaua mtu."
"Mama."
"Baba yenu aliupenda mzito."

Hatukumjibu.
Ni kweli, aliupenda mzito.

Nikakoroga. Mchuzi wa namna hii hauna haraka,
unapungua kama sherehe:
wageni wanaaga mmoja mmoja
mpaka wanabaki wale wanaosaidia kuosha vyombo.
Ukashika mwiko. Ukang'aa.
Nikatia mafuta ya Diwani, pilipili manga, basi.

Saa tisa tukala.
Ngozi ilivunjika kwa sauti, hata wa chipsi wakageuka.
Mama akachovya kidole,
kilekile chenye matundu ya sindano,
akakilamba, akatazama migomba.
"Chumvi," akasema, "imepungua."
Kisha akasogeza sahani aongezwe.

Baada ya saa mbili Manka akamtoboa, tone likapanda kwenye kijiti,
akaisoma namba kwa sauti, kama matokeo ya darasa la saba:
saba nukta nane!
"Kipime tena," mama akasema. "Kinadanganya."
Lakini alikuwa ameshaanza kucheka.

Usiku nilimkuta jikoni peke yake.
Kopo wazi. Alikuwa ametoa kijiko cha baba,
kile kilichokaa ungani miaka minne,
amekiosha, anakifuta kwa upindo wa kanga.
Nikataka kurudi nyuma, ubao wa mlango ukanisengenya.

"Hiyo mifupa msitupe," akasema bila kugeuka.
"Kesho napika mtori.
Ndizi mbili tu.
Mbili. Nimeshazihesabu."